Bao la Lala Salama: Ubingwa au Bahati?

Pale Feri, upande wa kisiwani, kuna ubishi ambao mpaka leo haujapata kadhi. Timu inayoshinda kwa bao la dakika za mwisho, wiki baada ya wiki, ni timu bora au ni timu yenye bahati? Wauza kahawa wana jibu lao, makanga wa matatu wana lao, na vijana wa mikokoteni hutoa lao kwa sauti inayoishinda honi ya feri.

Waliotia kuni msimu wa 2025/26 ni Liverpool. Walianza ligi wakiwa mabingwa watetezi, wametoka kutwaa taji la 20 na kuwafikia Manchester United, jambo ambalo peke yake latosha kuvunja urafiki. Tarehe 15 Agosti waliongoza mbili bila dhidi ya Bournemouth, wakasawazishiwa, kisha Federico Chiesa akafunga dakika ya 88 na Mohamed Salah akaongeza la nne. Siku kumi baadaye, ugenini Newcastle, yakawa yale yale. Waliongoza mbili bila, wenyeji waliobaki watu kumi wakasawazisha dakika ya 88, na dakika ya 100 mtoto wa miaka 16, Rio Ngumoha, akautia wavuni. Arsenal wakafungwa kwa frikiki ya Dominik Szoboszlai dakika ya 83. Burnley walizuia mpaka dakika ya 95, Salah akafunga penalti. Na kwenye Ligi ya Mabingwa, Atletico Madrid waliporudisha mawili, Virgil van Dijk aliwamaliza kwa kichwa dakika ya 92.

Feri hapakukalika. "Bingwa ni yule anayeshinda hata siku mbovu," wa Liverpool wakasema. "Nyinyi mwabebwa na saa ya refa," wakajibiwa na wa Man U, ambao kwa hakika ndio watu wa mwisho duniani wenye haki ya kulalamikia saa ya refa. Wa Arsenal, waliomaliza wa pili misimu mitatu mfululizo, walikunywa kahawa yao kimya.

Kisha upepo ukageuka. Tarehe 27 Septemba Eddie Nketiah wa Crystal Palace aliwafunga Liverpool dakika ya 97. Tarehe 4 Oktoba Estêvão wa Chelsea aliwafunga dakika ya 95. Tarehe 19 Oktoba, Anfield kwenyewe, Harry Maguire akapiga kichwa dakika ya 84 na Man U wakapata ushindi wao wa kwanza wa ligi uwanjani humo tangu Januari 2016. Wiki hiyo hiyo haijaisha, Brentford nao wakawachapa 3-2. Mechi nne za ligi, vichapo vinne. Kocha ni yule yule, Arne Slot, na kikosi ni kile kile kilichokuwa "hakishindiki" mwezi mmoja nyuma.

Kijana mmoja akanigeukia. "Ami, wewe ulisoma hesabu, hebu tuamue." Diploma yangu ni ya uhasibu, si ya ukocha, lakini swali lenyewe lina uhasibu ndani yake kuliko watu wanavyodhani.

Tuanze na saa, maana ndiyo inayotukanwa zaidi. Dakika za nyongeza si zawadi ya refa. Ni muda uliopotea kwa majeruhi, kubadilisha wachezaji, kusherehekea mabao, VAR, na kipa anayefunga kamba za viatu mara tatu. Kwenye Kombe la Dunia la Qatar mwaka 2022, FIFA waliagiza muda huo uhesabiwe kwa ukamilifu. Mechi ya Uingereza na Iran, ukijumlisha vipindi vyote viwili, iliongezwa zaidi ya dakika 20. Ligi ya Uingereza ikafuata njia hiyo msimu wa 2023/24. Zamani bao la dakika ya 96 lilikuwa ajabu la kusimuliwa miaka. Ndiyo maana watu wazima bado wakumbuka Aprili 1993, Steve Bruce alipowafunga Sheffield Wednesday vichwa viwili, cha pili dakika ya 96, na Alex Ferguson akaelekea kwenye taji la kwanza la Man U tangu 1967. Siku hizi mpira kufika dakika ya 96 ni kawaida. Muda ukirefushwa, mabao ya mwisho huzidi, na wenye kuyapata zaidi ni wale wanaoendelea kushambulia.

La pili ni benchi, na hapa ndipo napowapa haki yao wale wanaosema kuwa si bahati. Tazama majina. Chiesa alitoka benchi. Ngumoha alitoka benchi, tena dakika ya 96. Nketiah na Estêvão, wote benchi. Rudi nyuma mpaka tarehe 26 Mei 1999, fainali ya Barcelona kati ya Man U na Bayern Munich. Teddy Sheringham aliyesawazisha dakika ya 91 na Ole Gunnar Solskjaer aliyefunga la ushindi dakika ya 93 wote waliingia kipindi cha pili. Au Machi 2023, Arsenal walipotoka nyuma mbili bila na kuwapiga Bournemouth 3-2: Reiss Nelson, mchezaji wa akiba, dakika ya 97. Beki aliyekimbia dakika 80 anakutana na kijana ambaye miguu yake bado mibichi. Tangu msimu wa 2022/23 Ligi ya Uingereza inaruhusu kubadilisha wachezaji watano badala ya watatu, na klabu tajiri ndizo zenye watano wa kuingiza bila kupungukiwa. Kwa hivyo ndiyo, kuna ubora hapo, na kuna pesa pia.

La tatu ni tamaa na hofu. Timu inayohitaji bao hufungua milango yake, na anayeongoza hurudi nyuma kulinda. Mfano wetu wa karibu ni Cairo, tarehe 27 Juni 2019, Kombe la Afrika, Kenya na Tanzania. Wote wawili walikuwa wamefungwa mbili bila mechi ya kwanza, kwa hivyo sare haikumfaa yeyote. Simon Msuva akaifungia Tanzania mapema, Michael Olunga akasawazisha, na dakika moja baadaye Mbwana Samatta akairudisha Tanzania mbele. Kipindi cha pili Johanna Omolo akasawazisha tena, na dakika ya 80 Olunga akamaliza: 3-2. Mji wa Kale usiku ule kulikuwa na nyumba ambazo mume alipiga kelele na mke akazima taa, maana nusu ya ukoo uko Tanga na Unguja. Kwa wiki nzima tuliambiwa Harambee Stars wamepata "moyo wa ubingwa". Mechi iliyofuata Senegal waliwapiga tatu bila na safari ikaishia hapo.

Moyo ule ulikwenda wapi? Haukwenda popote. Ushindi wa Cairo ulikuwa wa kweli na ulikuwa mtamu, ila haukuwa dalili ya mechi inayofuata.

Na hapa sasa ndipo uhasibu unapoingia. Chukua watu 20 pale Feri, idadi sawa na timu za Ligi ya Uingereza, kila mmoja umpe sarafu ya shilingi airushe mara tano. Kwa mtu mmoja, nafasi ya kupata upande wa picha mara zote tano ni moja kwa 32, ndogo sana. Lakini nafasi ya kuwa angalau mmoja kati ya wale 20 atafanya hivyo inakaribia nusu. Akitokea, wenzake watamzunguka na kumuuliza siri ya mkono wake. Hana siri. Ni kwamba waliorusha walikuwa wengi, na macho yetu yamemfuata aliyepata. Kandanda si sarafu tupu, nakubali, lakini mechi ambayo iko sare dakika ya 85 yakaribia kuwa sarafu kuliko inavyokaribia kuwa mtihani wa ubora.

Nina kipimo changu, na yeyote mwenye kalamu anaweza kukitumia. Iondolee timu mabao yake ya ushindi ya mwisho mwisho, kisha hesabu pointi zilizobaki. Liverpool katika mechi tano za mwanzo walipata pointi 15 kati ya 15. Ondoa mabao yao yaliyofungwa baada ya dakika ya 80: Bournemouth inakuwa sare, Newcastle sare, Arsenal sare, Burnley sare. Inabaki Everton tu, waliofungwa 2-1. Jumla, pointi saba. Pointi nane zilisimama juu ya dakika chache za lala salama.

Sasa kiweke kipimo hicho kwa Manchester City wa 2017/18. Nao walikuwa na mabao hayo. Raheem Sterling peke yake aliwafunga Bournemouth, Huddersfield na Southampton mwishoni, mechi zote tatu zikaisha 2-1. Ondoa mabao hayo matatu, City wanapoteza pointi sita. Lakini walimaliza na pointi 100 na mabao 106, na Man U waliokuwa wa pili walikuwa na 81. Hata kwa 94 ni mabingwa, na mbali. Kwa City bao la mwisho lilikuwa sukari juu ya kashata. Kwa Liverpool wa Agosti lilikuwa kashata yenyewe.

Basi wa Liverpool walikuwa na haki kusema kwamba benchi yao na kutokata tamaa vilileta nafasi. Wa Man U walikuwa na haki kusema kwamba haitadumu. Nikibanwa nichague, mimi niko na hawa wa pili, na si kwa sababu nimeipenda Man U tangu ujanani. Fainali ile ya 1999 niliitazama Kibokoni, watu tumebanana mbele ya televisheni moja, na nakumbuka vizuri kwamba kabla ya Sheringham, Bayern waligonga mwamba mara mbili. Shuti lolote kati ya yale mawili lingepinda kidogo tu, leo tusingekuwa na hadithi ya kuwapigia Wajerumani kelele.

(Mabishano haya yote, na Bandari FC wacheza Mbaraki, si mbali na hapo Feri, mara nyingine mbele ya watu wachache kuliko wanaogombania kahawa. Hilo nitaliandikia siku yake.)

Kwa nini nimeshughulika hivi na jambo la kupigia gumzo? Kwa sababu kuna mtu ubishi huu umemgharimu. Kijana mmoja fundi simu, simtaji, alichukua shilingi 3,500 alizopewa na wateja za kununulia skrini. Siku ya Crystal Palace, Chiesa aliposawazisha dakika ya 87, akaziweka zote kwenye simu kwamba Liverpool watashinda. Alikuwa na hoja: wiki zote zile si wameshinda mwishoni? Dakika kumi baadaye Nketiah akafunga, na skrini za watu zikaenda.

Hukumu ya kamari katika dini yetu iko wazi na msomaji anaijua, sitairudia hapa. Nilichomweleza kijana ni namna duka lile linavyofanya kazi. Kampuni ya kubeti haihitaji kujua nani atashinda. Mechi inapoendelea, bei hubadilika kila baada ya sekunde chache, na yale uliyoyaona wewe nayo imeyaona. Tuseme jambo hutokea mara moja kati ya nne, nao wakulipa mara tatu ya pesa yako. Weka mia mara nne, umetoa 400. Ukipata mara moja, umerudishiwa 300. Ile mia iliyobaki ndiyo kodi ya ofisi yao na mabango yao, na ndiyo maana mabango yalirudi pale serikali iliposimamisha matangazo ya kamari kwa siku 30 mwaka 2025 na siku hizo zikaisha.

Alinyamaza muda mrefu, akapiga hesabu kwenye simu yake mwenyewe, akairudia. Wateja wawili alikwishawalipa, wa tatu alimwomba amngoje mwisho wa mwezi. Jumamosi iliyofuata, Chelsea walipofunga dakika ya 95, simu yangu ililia. Ni yeye. Hakuwa amebeti, aliapa. Alitaka tu kujua kama yule Estêvão naye alitoka benchi.