Wabunge walipokuwa na ufunguo wa Ikulu

Madereva wa malori ya masafa marefu wanaolala Salgaa, katika barabara kuu ya Nakuru kuelekea Eldoret, huwakuta wenyeji wakibishana juu ya gavana mchana na usiku. Ubishi huo una maana, kwa sababu kura ni yao. Anayepata kura nyingi zaidi ndiye gavana, hata asipofika nusu. Madiwani wanaweza kuanzisha hoja ya kumng'oa, na Seneti ikaamua, lakini kumchagua hawawezi.

Si kila mahali mambo yako hivyo. Katika jimbo la Vermont, Marekani, mgombea asiyepata zaidi ya nusu ya kura huachiwa Bunge la jimbo liamue. Mwaka 1853 Erastus Fairbanks aliongoza kwa kura za wananchi, lakini nusu hakuifikia. Bunge likapiga kura mara nyingi, mwishowe likampa kiti John S. Robinson, aliyekuwa wa pili! Sheria hiyo ipo hadi leo.

Nasi huku Bonde la Ufa tuliwahi kuonja utaratibu wa namna hiyo. Chini ya katiba ya majimbo ya 1963, kila jimbo lilikuwa na Bunge lake, na wajumbe ndio waliochagua rais wa Bunge hilo. Wa Bonde la Ufa, makao yake yakiwa Nakuru, alikuwa Daniel arap Moi wa chama cha KADU.

Majimbo hayakudumu. Kenya ilipokuwa Jamhuri Desemba 12, 1964, Mzee Jomo Kenyatta alitoka Waziri Mkuu akawa Rais bila kupigiwa kura mpya. Lakini katiba hiyo ilikuwa na kifungu kimoja kilichowakosesha wakubwa usingizi: kiti cha Rais kikiwa wazi kabla ya uchaguzi mkuu, wabunge wangemchagua mrithi wao wenyewe.

Ukitaka kujua kwa nini walihofu, mtazame Tom Mboya. Alikuwa Katibu Mkuu wa KANU, kijana, msemaji hodari, na marafiki zake Bungeni walikuwa wengi. Mzee alikuwa ameanza kuugua. Basi mwaka 1968 katiba ikabadilishwa: Rais achaguliwe na wananchi moja kwa moja, na akifariki, Makamu wake ashike usukani kwa siku 90 huku uchaguzi ukiandaliwa. Makamu alikuwa nani? Moi, tangu Januari 1967. Mboya aliuawa kwa risasi jijini Nairobi Julai 5, 1969.

Siku hizo 90 ndizo zilizoleta joto Nakuru. Septemba 26, 1976 vigogo kadhaa, wakiwemo Kihika Kimani, mbunge wa Nakuru Kaskazini, na Dkt Njoroge Mungai, walikutana mjini humo kudai katiba igeuzwe ili Makamu asirithi kiti hata kwa muda. Walijua, kama ajuavyo kila mtu wa siasa, kwamba aliyeingia Ikulu kwa siku 90 si rahisi kumtoa. Mwanasheria Mkuu Charles Njonjo alijibu mwezi uliofuata: kuwaza au kunuia kifo cha Rais ni kosa la kunyongwa. Vuguvugu likazima.

Mzee alifariki Mombasa Agosti 22, 1978. Moi, aliyekuwa kwake Kabarak, alikimbilia Nairobi akaapishwa siku hiyo hiyo. Siku 90 hazikuisha. KANU, chama pekee kilichobaki, kilimteua bila mpinzani na Oktoba akaapishwa Rais kamili. Wabunge hawakupiga kura kumchagua. Wananchi, waliopewa haki hiyo 1968, nao hawakupiga.

Agosti 2022 Salgaa ilipanga foleni pamoja na kaunti nzima ya Nakuru, na aliyeibuka gavana ni Susan Kihika. Ni bintiye Kihika Kimani.