Dawa ya kuzuia damu kuganda inapogeuka hatari

Katika upasuaji mwingi wa moyo, mashine huchukua kazi ya kusukuma damu. Ili damu isigande humo, mgonjwa hudungwa heparini, ambayo baadaye hutanguliwa kwa protamini.

Hata hivyo, miili ya wagonjwa wachache huunda kingamwili dhidi ya heparini. Hizo huchochea chembe za kugandisha damu, nayo ikaganda mishipani.

Iwapo upasuaji waweza kungoja, madaktari huuahirisha hadi kingamwili zitoweke, aghalabu katika siku 100. Kisha heparini hutumiwa wakati wa upasuaji pekee. Usipoweza kungoja, hutumiwa bivalirudini. Hii hupungua kwa nusu katika dakika 25 hivi, ila haina dawa ya kuitangua.

Aliyewahi kudhurika na heparini sharti amjulishe daktari mapema.