Panda bamia nyumbani, lakini usitupe tembe zako za sukari

Hakuna mboga ninayoulizwa habari zake na wagonjwa siku hizi kama bamia. Watu wenye ugonjwa wa sukari, kuanzia Meru mjini hadi Embu, wamesikia kwamba maji ya bamia zilizolowekwa usiku kucha yanaponya maradhi hayo. Wengine hufika kwangu wakiwa wamekwisha kuacha tembe zao. Kisha huuliza, "Daktari, bamia za bei nafuu tutazipata wapi?"

Nitaanza na swali hilo la mwisho kwa kuwa lina jibu jema. Bamia, ambazo wengine huziita mabenda, unaweza kuziotesha kwa mbegu nyuma ya nyumba yako. Huhitaji shamba. Kipande cha ardhi cha hatua mbili kwa mbili, kinachopata jua mchana kutwa, chatosha mashina kumi na mawili hivi, na hayo yataipa jamaa ndogo mboga mara kwa mara kwa majuma kadhaa. Anayeishi katika nyumba ya kupanga anaweza kutumia ndoo kuukuu ya lita 20 iliyotobolewa chini, shina moja kwa kila ndoo.

Elewa kwanza kwamba bamia ni mmea wa joto. Ni wa ukoo mmoja na pamba. Ukiitia mbegu katika udongo wenye baridi, chini ya nyuzi 16 au 17 hivi, huchelewa sana kuota na mara nyingi huoza. Ndiyo maana mtu wa Ishiara au Mitunguu huotesha bamia bila taabu, ilhali mkazi wa Runyenjes au Nkubu aliyenunua pakiti kama hiyo hiyo hungoja majuma mawili asione kitu. Usikimbilie kumlaumu mwenye duka. Mji wa Embu uko karibu mita 1,350 juu ya usawa wa bahari, na mji wa Meru uko juu zaidi ya hapo.

Wengi hupanda mwezi wa Machi kwa sababu mvua imekuja. Katika sehemu za chini hilo halina ubaya. Lakini kwetu sisi wa sehemu za juu, bamia ya Machi huanza kuzaa kuelekea Juni, wakati ukungu na baridi vinaposhuka kutoka mlimani, nayo hudumaa. Afadhali upande mwishoni mwa Septemba au mwanzoni mwa Oktoba, joto linapopanda na mvua ya vuli ikikaribia. Upande huu wa mashariki wa Mlima Kenya mvua hiyo ndiyo ya kutegemewa zaidi. Utaanza kuchuma Desemba na kuendelea katika jua la Januari na Februari, mradi uwe na maji ya kumwagilia.

Katika maduka ya pembejeo utakuta aina kama Pusa Sawani, iliyotoka India, na Clemson Spineless, iliyotolewa Marekani mwaka wa 1939. Hii ya pili haina miiba mingi, na mimi huipendelea kwa sababu vinyweleo vya bamia huwasha ngozi. Kila msimu huniletea mtu mmoja au wawili wenye mikono iliyojaa vipele, wakidhani wamepatwa na ugonjwa. Vaa shati la mikono mirefu unapochuma, na ukimaliza nawa kwa sabuni.

Jambo jingine la tahadhari: mbegu za dukani mara nyingi hupakwa dawa ya kuzuia kuvu na wadudu, na rangi yake nyekundu au ya kijani ni onyo. Ziweke mbali na watoto. Maji uliyolowekea mbegu hizo usiyamwage mahali kuku wanapokunywa.

Loweka mbegu katika maji ya uvuguvugu usiku mmoja, maana ganda lake ni gumu. Asubuhi zipande papo hapo zitakapokua, kwa kuwa mzizi mkuu wa bamia hushuka moja kwa moja na hauvumilii kung'olewa. Tia mbegu mbili au tatu katika kila shimo, kina cha sentimita 2, nafasi ya sentimita 30 kati ya mashimo na 60 kati ya mistari. Udongo ukiwa na joto zitaota kwa siku tano hadi kumi. Miche ikifikia kimo cha kidole, bakiza mmoja wenye afya na ukate mingine kwa makasi. Changanya udongo na samadi iliyooza vizuri. Usipande mahali palipotoka nyanya, kwani kuna minyoo midogo ya udongoni inayofanya uvimbe katika mizizi ya nyanya na bamia pia. Palipotoka mahindi au vitunguu ni afadhali.

Baada ya miezi miwili hivi utaona maua ya manjano yenye moyo wa zambarau. Ua likifunguka leo, tunda liko tayari kwa siku nne hadi sita. Lichume likiwa na urefu wa sentimita 7 hadi 10. Ukilisahau huwa kama kamba, na shina likibeba matunda makuukuu huacha kuzaa mapya. Kwa hiyo chuma kila baada ya siku mbili.

Hapa ndipo naona faida kubwa ya kupanda mwenyewe. Dawa ya wadudu huwa na siku za kungoja kabla ya kuchuma, na siku hizo huandikwa kwenye chupa. Mboga inayochumwa kila baada ya siku mbili itangoja saa ngapi? Sokoni huwezi kujua mkulima alinyunyiza lini. Nyumbani, mashina yakiwa kumi na mawili, vidukari unaweza kuwaondoa kwa maji na sabuni kidogo, au kwa vidole.

Sasa turudi kwenye sukari. Bamia ni chakula kizuri: gramu 100 mbichi zina kama gramu 3 za nyuzinyuzi na miligramu 23 za vitamini C, na haina wanga mwingi. Kuna tafiti ndogo zilizoonyesha kwamba huenda ikashusha sukari kidogo. Lakini kidogo si kuponya. Tena, mwaka wa 2011 watafiti wa Bangladesh waliwapa panya maji ya bamia pamoja na metformini, dawa ambayo wengi wenu mnaitumia, wakaona dawa hiyo haikushusha sukari kama ilivyotarajiwa. Panya si binadamu, lakini onyo hilo latosha. Usimeze tembe kwa maji ya bamia, na usiiache bila kuzungumza na daktari wako. Aliyewahi kupata mawe ya figo naye asile kila siku.

Wasiopenda ule mlenda, na najua huku kwetu ni wengi, waoshe bamia zikiwa nzima, wazikaushe kwa kitambaa, ndipo wazikate na kuzikaanga haraka katika sufuria yenye moto mkali pamoja na vitunguu. Nyanya na ndimu zije mwishoni. Ugali au chapati, vyovyote.

Na kabla msimu haujaisha, acha matunda mawili matatu ya shina bora yakauke juu yake mpaka yaanze kupasuka. Toa mbegu, zianike kivulini, uzitie katika chupa kavu yenye kifuniko na uandike mwaka. Zipande Oktoba ijayo, kwa maana zikikaa miaka mingi nguvu ya kuota hupungua.