Hukumu Zilizoipima Serikali (2): Mtikila na Mgombea Binafsi

Makala iliyotangulia ilieleza jinsi Haki za Msingi zilivyoingizwa katika Katiba ya Tanzania mwaka 1984, zikasubiri hadi Machi 1988 ndipo mwananchi akaweza kuzidai mahakamani. Safari hii ni zamu ya mtu ambaye Serikali ilizoea kukutana naye kortini: Mchungaji Christopher Mtikila, mwenyekiti wa chama cha DP.

Mwaka 1993 Mtikila alifungua shauri namba 5 katika Mahakama Kuu, Dodoma, dhidi ya Mwanasheria Mkuu. Vyama vingi vilikuwa vimerudi mwaka mmoja tu kabla, na sheria kadhaa zilikuwa bado zinanuka chama kimoja. Aliyetaka urais, ubunge au hata udiwani alilazimika kudhaminiwa na chama. Aliyetaka kuhutubia watu uwanjani alipaswa kwanza kumwomba kibali mkuu wa wilaya.

Serikali ilianza kwa kumpinga mdai mwenyewe: Mtikila ana maslahi gani ya pekee hata ashtaki kwa niaba ya umma? Jaji Kahwa Lugakingira akaigeukia ibara ya 26(2), inayompa kila mtu haki ya kuchukua hatua za kisheria kuilinda Katiba. Wananchi wengi ni maskini na hawazijui haki zao, alieleza, hivyo akijitokeza mmoja wa kuwasemea, mahakama haina budi kumsikiliza. Mlango huo ukaja kutumiwa kwa miaka mingi na waliofungua kesi kwa maslahi ya umma.

Hukumu ilitoka tarehe 24 Oktoba 1994. Jaji alitamka kwamba haki za msingi si zawadi ya dola. Mtu huzaliwa nazo. Sharti la kibali cha mikutano likafutwa, na sheria ikaja kudai taarifa tu kwa polisi, saa 48 kabla. Kuhusu uchaguzi, alizisoma kwa pamoja ibara ya 21, inayompa raia haki ya kushiriki katika utawala, na ile ya 20 inayokataza kumlazimisha mtu kujiunga na chama, akahitimisha kuwa mgombea binafsi ni halali.

Serikali haikungoja. Muswada wa kuizima haki hiyo ulikuwa umeshafikishwa bungeni tarehe 16 Oktoba, siku nane kabla ya hukumu, na tarehe 2 Desemba ukapitishwa. Ibara ya 21 ikafungwa kwa masharti ya ibara nyingine zinazodai uanachama wa chama. Uchaguzi mkuu wa kwanza tangu vyama vingi virudi, Oktoba 1995, ukafanyika bila mgombea binafsi hata mmoja.

Mtikila akarudi mahakamani mwaka 2005, mara hii akiyashambulia marekebisho yenyewe. Tarehe 5 Mei 2006 majaji watatu wa Mahakama Kuu, Manento, Massati na Mihayo, wakampa ushindi wa pili. Serikali ikakata rufaa. Tarehe 17 Juni 2010 jopo la majaji saba wa Mahakama ya Rufani, likiongozwa na Jaji Mkuu Augustino Ramadhani, likaitengua hukumu hiyo: suala ni la kisiasa, na wa kuliamua ni Bunge.

Kilichobaki kilikuwa Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, yenye makao yake Arusha. Chama cha Wanasheria Tanganyika na Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu nao walikuwa na shauri lao kuhusu jambo hilohilo, na mashauri yakaunganishwa. Tarehe 14 Juni 2013 mahakama hiyo iliamua kuwa Tanzania imekiuka Mkataba wa Afrika, ikaiagiza irekebishe Katiba na sheria zake.

Marekebisho hayakuja. Mtikila alifariki katika ajali ya gari tarehe 4 Oktoba 2015, wiki tatu kabla ya uchaguzi mkuu mwingine wa wagombea wa vyama pekee. Novemba 2019 Serikali ililiondoa tamko lililowaruhusu watu binafsi na asasi kwenda moja kwa moja katika Mahakama ya Arusha. Uamuzi huo ukaanza kutumika mwaka mmoja baadaye.

Makala ijayo: kesi ya Rebeca Gyumi na umri wa kuolewa.