Televisheni ya dijitali Tarime na Serengeti: Kwa nini jirani anaona, wewe huoni?

WAKAZI wawili wa mtaa mmoja mjini Tarime wanaweza kununua ving'amuzi vya aina moja, siku moja, katika duka moja. Bado mmoja akaangalia taarifa ya habari ya saa 2:00 usiku, huku mwenzake akibaki na kioo kitupu chenye maandishi yanayomweleza kuwa hakuna mawimbi.

Wa pili humlaumu muuza duka, kisha fundi, kisha kampuni. Mara nyingi mwenye kosa ni kilima. Nyumba ya kwanza imejengwa kwenye mteremko unaotazama upande wa Ziwa Victoria, na ya pili imejificha nyuma ya kilele.

Kwa familia husika jambo hili lina gharama. Anayenasa mawimbi ya mtambo wa ardhini hutumia antena ya kawaida, na kwa utaratibu uliowekwa nchini anastahili kuziona chaneli za kitaifa hata asipolipia kifurushi. Asiyeyanasa hulazimika kununua dishi na, mara nyingi, kulipa kila mwezi. Mpaka kati ya makundi hayo mawili hauchorwi na serikali wala na kampuni; huchorwa na umbo la ardhi.

Mwisho wa analojia

Mwaka 2006, nchi za Ulaya, Afrika na sehemu ya Asia zilikubaliana mjini Geneva, chini ya Umoja wa Kimataifa wa Mawasiliano (ITU), kugawana upya masafa ya televisheni na kuondokana na mfumo wa analojia. Juni 17, 2015 iliwekwa kuwa siku ya mwisho.

Tanzania haikusubiri siku hiyo. Usiku wa Desemba 31, 2012 mitambo ya analojia ilizimwa Dar es Salaam, na nchi ikawa ya kwanza katika Afrika Mashariki kuanza safari hiyo. Katika miezi iliyofuata zilifuata Dodoma, Tanga, Mwanza, Arusha, Moshi na Mbeya. Musoma, makao makuu ya Mkoa wa Mara, iliwekwa katika awamu ya baadaye.

Sababu ya msingi ilikuwa nafasi. Masafa yenye upana wa megahezi 8 ambayo katika analojia yalibeba kituo kimoja tu, katika dijitali hubeba vituo kumi na zaidi. Masafa yaliyookolewa yanaweza kupewa kazi nyingine. Mwaka 2018, kwa mfano, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA) ilipiga mnada sehemu ya masafa ya megahezi 700, yaliyokuwa katika himaya ya televisheni, kwa ajili ya mawasiliano ya simu na intaneti.

Mabadiliko hayo pia yaligawa kazi. Zamani kila kituo cha televisheni kilijijengea mtambo wake. Katika mfumo mpya, kituo hutengeneza vipindi na kuvikabidhi kwa kampuni yenye leseni ya kusambaza, ambayo huviunganisha na vya wengine katika mkondo mmoja na kuvirusha kwa pamoja. Kampuni tatu zilizopewa leseni hizo mwanzoni ni Star Media, Agape Associates na Basic Transmissions. Kwa hiyo mwananchi asiyepata picha hapungukiwi na kituo kimoja. Hukosa mkondo mzima kwa mkupuo.

Umbali na vilima

Wazee wanaoikumbuka Radio Tanzania Dar es Salaam huuliza swali la haki: mbona redio ya mkulima ilisikika hadi mabondeni, na televisheni ya leo inashindwa?

Jibu liko katika urefu wa wimbi. Wimbi la redio la masafa ya kati lina urefu wa mamia ya mita, hivyo huambaa na ardhi na kupinda nyuma ya vilima. Wimbi la televisheni ya dijitali, lililo kati ya megahezi 470 na 694, lina urefu wa karibu nusu mita tu. Huenda kwa mstari ulionyooka, kama mwanga wa tochi. Kilima kikiwa katikati, nyuma yake panakuwa na kivuli.

Hata pasipo kilima, dunia yenyewe ni mviringo. Katika ardhi tambarare, antena ya kurushia iliyoinuliwa mita 100 na antena ya nyumbani iliyo juu ya mlingoti wa mita 10 huonana hadi umbali wa kilomita 54 hivi. Antena ya kurushia ikiinuliwa mita 300, kwa mfano ikiwekwa juu ya mlima, umbali huo hufika kilomita 84.

Sasa na itazamwe ramani ya Mara. Kwa mstari wa moja kwa moja, kutoka Musoma hadi mji wa Tarime ni takribani kilomita 65. Kutoka Musoma hadi Mugumu, makao makuu ya Wilaya ya Serengeti, ni zaidi ya kilomita 100. Mwanza iko mbali zaidi: kutoka huko hadi Tarime ni kilomita zipatazo 200.

Kwa mtambo uliowekwa upande wa Musoma, basi, Tarime iko ukingoni. Mji huo umekaa kwenye nyanda za juu, mamia ya mita juu ya usawa wa ziwa, na kimo hicho ni msaada kwa nyumba inayotazama magharibi. Lakini vilima vilevile vinavyoiinua nyumba moja huifunika nyingine. Ndiyo maana katika wilaya hiyo ramani ya matangazo haifanani na duara. Hufanana na ngozi ya chui.

Mugumu ni habari nyingine. Kilomita mia moja ni nje ya kipimo cha kawaida cha mtambo wa mkoa, na kati yake na Musoma kuna vilima vya kutosha kulimaliza wimbi lililokwisha kuchoka. Vijiji vilivyo mashariki zaidi, kuelekea Hifadhi ya Taifa ya Serengeti, viko mbali zaidi. Fundi anayemwahidi mteja wa huko kwamba mlingoti mrefu utavuta picha kutoka Musoma anamuuzia matumaini.

Hakuna tena chenga

Katika enzi ya analojia, aliye ukingoni hakukosa kitu kabisa. Picha ilikuja na chenga, sauti ikakwaruza, lakini aliweza kumwona mfungaji wa bao na kumsikia msomaji wa habari. Mtoto alipanda kuzungusha antena huku walio ndani wakipiga kelele, "Hapo hapo!"

Dijitali haina ukarimu huo. King'amuzi hupokea tarakimu, na kina uwezo wa kusahihisha makosa machache yanayotokea njiani. Makosa yakibaki ndani ya uwezo huo, picha huwa safi kama ya mtu anayeishi chini ya mnara. Yakizidi kidogo tu, picha hukatika vipande, huganda, kisha hutoweka. Hakuna daraja la katikati.

Ndiyo sababu picha inaweza kuwa nzuri asubuhi na kupotea jioni bila mtu kugusa kitu. Hali ya hewa hubadilika, miti huota majani, jirani huezeka ghorofa. Kwa aliye karibu na mtambo mabadiliko hayo si kitu. Kwa aliye ukingoni, ndiyo tofauti ya kuona na kutoona.

Kabla ya kutoa fedha

Mkazi wa wilaya hizi mbili anayetaka kununua king'amuzi cha antena hana budi kuanza na swali moja: mtambo wa kampuni hii uko wapi hasa? Kampuni mbili zinaweza kuwa na mitambo sehemu mbalimbali, na king'amuzi kinachouzwa na kampuni moja kwa kawaida hufungua mkondo wa kampuni hiyo pekee. Ushahidi bora ni nyumba ya jirani iliyo upande uleule wa kilima.

Antena iwe ya nje, ya masafa ya televisheni ya dijitali, na iinuliwe juu ya mapaa na miti. Antena ya mezani, inayotosha mjini karibu na mtambo, haifai ukingoni. Kwa mtambo ulio upande wa Musoma, aliye Tarime huielekeza magharibi, ikiinama kidogo kusini.

Izungushwe polepole, kwa kuwa king'amuzi huchukua sekunde kadhaa kabla ya kuonyesha badiliko. Katika orodha ya mipangilio huwa kuna vipimo viwili, nguvu ya mawimbi na ubora wa mawimbi. Wengi hufuata nguvu, lakini kipimo cha kufuata ni ubora: mawimbi yenye nguvu yaliyochanganyika na kelele hayatoi picha.

Waya nao una sehemu yake. Waya mrefu, wa bei ya chini, wenye viungo vilivyofungwa kwa utepe, hula mawimbi machache yaliyopatikana kwa taabu. Kifaa cha kukuza mawimbi, ambacho mafundi hukiita busta, husaidia kufidia hasara ya waya kikiwekwa karibu na antena. Hakiwezi kuleta wimbi ambalo halikufika. Pasipo wimbi hukuza kelele tu.

Jambo la mwisho ni usalama. Ukanda wa Ziwa Victoria ni miongoni mwa maeneo yenye radi nyingi zaidi duniani, na mlingoti wa chuma juu ya kilima ni mwaliko. Mlingoti ufungwe waya wa kushukia ardhini, na king'amuzi kichomolewe mvua ya radi inapokaribia.

Mawimbi hayana pasipoti

Tarime inapakana na Kenya, na katika mji wa Sirari mpaka ni suala la kuvuka barabara kuingia Isebania. Mawimbi huvuka bila kugongewa muhuri. Kenya nayo ilizima analojia mwaka 2015, na aliye juu ya kilima cha mpakani anaweza kujikuta ananasa matangazo ya upande wa pili kwa urahisi kuliko ya kwao.

Hapa hoja inavuka burudani. Mwananchi anayeyajua matokeo ya uchaguzi wa nchi jirani lakini hajasikia tangazo la mlipuko wa ugonjwa katika wilaya yake ana pengo ambalo antena peke yake haiwezi kuliziba.

Bure kwa nani?

Wakati wa kuhama analojia, chaneli tano, yaani TBC1, ITV, Star TV, Channel Ten na EATV, zilitakiwa kuonekana bila malipo kwenye ving'amuzi vya antena hata kifurushi kinapokwisha. Kwa mkazi wa Dar es Salaam ahadi hiyo ilikuwa na maana. Kwa mkazi wa Mugumu ilitegemea mtambo usiomfikia.

Dishi halijali vilima, kwa kuwa satelaiti iko takribani kilomita 36,000 juu ya ikweta, ingawa wingu zito la mvua huweza kukata picha yake. Lakini Agosti 2018 TCRA ilisisitiza kuwa leseni za kampuni za televisheni ya kulipia kwa satelaiti hazikuziruhusu kubeba chaneli za bure, na chaneli kadhaa za ndani zikaondolewa kwenye ving'amuzi hivyo. Lengo lilikuwa mwananchi asilipie kilicho bure. Kwa aliye nje ya eneo la mtambo wa ardhini, matokeo yalikuwa kukipoteza kabisa. Masharti ya namna hii hubadilika, hivyo mnunuzi wa dishi aulize ni chaneli zipi za ndani zinabaki pindi malipo yanapokoma.

Ufumbuzi wa kiufundi unajulikana: mitambo midogo ya kujazia, inayowekwa juu ya vilima ili kupokea mkondo na kuurusha tena mabondeni. Kikwazo ni hesabu. Kampuni hutazama idadi ya wateja, na vijiji vilivyotawanyika kando ya hifadhi havileti faida ya haraka. Kwa maeneo ya aina hiyo nchi ina Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 2006 ili kufikisha huduma pale ambapo soko peke yake haliendi.

Mpaka hapo mitambo hiyo itakapofika, mkazi wa Tarime apande kwanza juu ya paa na kutazama kilicho kati yake na ziwa. Wa Mugumu hana haja ya kupanda. Ramani imekwisha kumjibu, na swali lake linawahusu wenye dhamana ya kujenga minara.