Kutoka Rejesta hadi Dashibodi: Masharti ya Kutumia Data Kubwa na Uchanganuzi wa Ujifunzaji katika Shule za Afrika Mashariki

Ikisiri

Wizara na mabaraza ya elimu ya Afrika Mashariki yamekuwa yakihamisha kumbukumbu za wanafunzi kutoka katika daftari la mwalimu kwenda katika hifadhidata za kitaifa. Makala haya yanafafanua jinsi data hizo zinavyoweza kugeuzwa kuwa msaada kwa mwanafunzi, na mahali ambapo mnyororo huo hukatika. Kwa mifano ya Kenya, Tanzania, Uganda na Rwanda, pamoja na mafunzo kutoka Marekani na Uingereza, yanabainisha masharti manne: ukamilifu wa sajili, uhalali wa hitimisho, ulinganifu wa vipimo katika lugha tofauti, na ulinzi wa mtoto. Hoja kuu ni kwamba thamani ya data za shule huamuliwa na kile anachoweza kukifanya mwalimu baada ya kuzisoma, wala si wingi wake.

Maneno muhimu: data kubwa, uchanganuzi wa ujifunzaji, sajili ya wanafunzi, tahadhari ya mapema, faragha

1.0 Utangulizi

Wahenga walisema kuwa mali bila daftari hupotea bila habari. Shule za Afrika Mashariki hazijawahi kukosa daftari. Rejesta ya mahudhurio, kitabu cha alama na fomu za takwimu za mwaka zimekuwapo tangu enzi za ukoloni. Kilichobadilika ni kiwango cha maelezo. Zamani wizara ilipokea jumla: wavulana wangapi, wasichana wangapi, madarasa mangapi. Leo inapokea kumbukumbu ya mtoto mmoja mmoja, yenye namba yake ya utambulisho, na inaweza kumfuata kutoka mwaka hadi mwaka na kutoka shule hadi shule.

Kenya ilianzisha mfumo wa NEMIS mwaka 2017, ambapo kila mwanafunzi alipewa namba ya pekee. Nchini Tanzania, Baraza la Mitihani linatumia mfumo wa PReM, unaompa mwanafunzi namba ya kufuatilia safari yake ya kielimu. Uganda ina mfumo wa EMIS wenye namba ya mwanafunzi, pamoja na mfumo wa TELA unaorekodi mahudhurio ya walimu. Rwanda inatumia SDMS kwa taarifa za shule na CAMIS kwa matokeo ya upimaji. Mifumo hii imeweka msingi ambao juu yake uchanganuzi unaweza kujengwa. Hata hivyo, msingi si nyumba.

2.0 Ufafanuzi wa Dhana

Data kubwa ni mkusanyiko wa taarifa ambao wingi wake, kasi ya kuingia kwake na tofauti za aina zake huzidi uwezo wa daftari na majedwali ya kawaida. Uchanganuzi wa ujifunzaji ni matumizi mahususi ya data hizo: kupima, kukusanya, kuchambua na kuwasilisha taarifa kuhusu wanafunzi na mazingira yao kwa lengo la kuelewa ujifunzaji na kuuboresha. Taaluma hii ilipata jukwaa lake rasmi mwaka 2011, ulipofanyika mkutano wake wa kwanza wa kimataifa mjini Banff, Kanada.

Tofauti ya dhana hizi mbili ina uzito wa kisera. Hifadhidata inayoonyesha kwamba mkoa fulani una upungufu wa madawati ni nyenzo ya utawala. Huwa uchanganuzi wa ujifunzaji pale tu inapomwezesha mtu kujua mwanafunzi gani amekwama katika nini, na kuchukua hatua kabla muhula haujaisha. Mifumo mingi ya ukanda huu ilijengwa kwa lengo la kwanza. Ni kosa kuitarajia itimize lengo la pili bila kubadilishwa.

3.0 Sharti la Kwanza: Ukamilifu wa Sajili

Mtoto asiyeandikwa haonekani, na mtoto asiyeonekana hasaidiwi. Usajili katika NEMIS ulidai cheti cha kuzaliwa, na ruzuku ya serikali kwa kila mwanafunzi ikafungamanishwa na usajili huo. Mantiki yake ilieleweka: kuondoa wanafunzi hewa waliokuwa wakidaiwa fedha. Lakini kigezo kilekile kilichomwondoa mwanafunzi hewa kilimweka pembeni mwanafunzi halisi asiye na cheti. Huyo kwa kawaida ni mtoto wa familia ya wafugaji wahamao, yatima anayelelewa na bibi, au mtoto aliyezaliwa nyumbani mbali na kituo cha afya. Shule ilibaki na chaguo gumu: kumfundisha bila ruzuku, au kumtuma nyumbani akatafute cheti.

Athari hiyo haiishii kwenye fedha. Modeli yoyote ya kutabiri utoro au kuacha shule hujifunza kutokana na waliosajiliwa. Ikiwa walio katika hatari kubwa zaidi hawamo, modeli itajifunza hatari ya wale wenye nafuu, na itatoa picha ya utulivu mahali ambapo hakuna utulivu. Ndiyo maana tathmini ya Uwezo, iliyoanza mwaka 2009 nchini Kenya na kisha kufanyika Tanzania na Uganda, ilifanyika nyumbani kwa watoto badala ya shuleni. Iliwapima hata wale walioacha shule. Wapangaji wa sera wanahitaji kulinganisha sajili za kitaifa na tafiti za kaya za namna hiyo, ili pengo kati yake lijulikane na lishughulikiwe.

4.0 Sharti la Pili: Uhalali wa Hitimisho

4.1 Sampuli ndogo na hukumu kubwa

Programu ya Tusome, iliyoenezwa katika shule za msingi za umma nchini Kenya kuanzia mwaka 2015, ni mfano mzuri wa data kutumika karibu na darasa. Maafisa wa kusaidia mtaala walipewa vishikwambi. Baada ya kutazama somo, afisa aliwasomesha wanafunzi watatu waliochaguliwa kwa bahati nasibu, akatoa ushauri kwa mwalimu papo hapo, kisha taarifa zikapelekwa kwenye dashibodi iliyoonwa na viongozi wa elimu wa kaunti na taifa. Data zilianza kazi darasani kabla ya kufika Nairobi.

Hata hivyo, sampuli ya wanafunzi watatu ina mipaka yake. Tuchukulie darasa kubwa ambalo nusu ya wanafunzi wanasoma vizuri. Uwezekano wa wote watatu waliochaguliwa kuwa wasioweza kusoma ni moja kwa nane. Katika ziara 1,000 kwenye madarasa yaliyo sawa kabisa, takriban 125 zitaonyesha kwamba hakuna hata mmoja anayeweza. Ziara hizo zikijumlishwa kwa kaunti nzima, bahati njema na mbaya hufidiana, na picha huaminika. Zikitumiwa kumhukumu mwalimu mmoja, humwonea. Data ileile ni halali katika ngazi moja na batili katika nyingine.

4.2 Uhusiano na usababishi

Chuo Kikuu cha Purdue nchini Marekani kilianzisha mfumo ulioitwa Course Signals, uliomwonyesha mwanafunzi rangi ya kijani, njano au nyekundu kulingana na hatari ya kufeli. Ilidaiwa kwamba wanafunzi waliosoma kozi mbili au zaidi zenye mfumo huo walibaki chuoni kwa viwango vya juu zaidi. Mwaka 2013 wachambuzi walionyesha kasoro ya dai hilo: mwanafunzi anayebaki chuoni muda mrefu hupata nafasi ya kusoma kozi nyingi zaidi, zikiwemo za mfumo huo. Huenda basi kubaki ndiko kulikozaa idadi ya kozi, wala si kinyume chake. Kasoro ya aina hii inaweza kujirudia popote ambapo mradi hupimwa kwa kulinganisha walioutumia sana na walioutumia kidogo.

4.3 Hesabu ya tahadhari ya mapema

Mifumo ya tahadhari husifiwa kwa usahihi wake, lakini usahihi huo hupotosha pale tukio linalotabiriwa linapokuwa la nadra. Chukua mfano wa kubuni wa wilaya yenye wanafunzi 1,000, ambao 50 kati yao wataacha shule. Mfumo unawatambua 40 kati ya hao 50, na unawashuku kimakosa asilimia 10 ya wale 950 wengine, yaani 95. Orodha ya tahadhari itakuwa na majina 135, na walio katika hatari ya kweli ni 40, chini ya watatu katika kila kumi.

Je, mfumo huo haufai? Jibu linategemea kinachofuata. Ikiwa tahadhari humfanya mwalimu wa malezi amtembelee mzazi, gharama ya kukosea ni safari ya bure, na watoto 40 wamefikiwa. Ikiwa tahadhari humfanya mkuu wa shule amzuie mtoto kuendelea na darasa la mtihani ili kulinda wastani wa shule, watoto 95 wameadhibiwa kwa jambo ambalo wasingelifanya. Kwa hiyo haitoshi sera kueleza namna modeli inavyojengwa. Ni lazima itaje hatua zinazoruhusiwa na zinazokatazwa baada ya tahadhari kutolewa.

5.0 Sharti la Tatu: Ulinganifu wa Vipimo katika Lugha Tofauti

Data za usomaji ni data za lugha. Kipimo maarufu cha idadi ya maneno yanayosomwa kwa dakika hakihamishiki kutoka lugha moja hadi nyingine. Neno moja la Kiswahili kama "hawatanisomea" limebeba ukanushi, nafsi ya mtenda, wakati, mtendwa na kauli ya kutendea. Kwa Kiingereza ujumbe huo huhitaji maneno sita. Kwa sababu hiyo, Kenya iliweka kiwango cha usomaji mwepesi kuwa maneno 65 kwa dakika kwa Kiingereza na 45 kwa Kiswahili. Dashibodi inayochora lugha mbili kwenye mhimili mmoja bila kuzingatia tofauti hii itamwonyesha msomaji mzuri wa Kiswahili kana kwamba ni dhaifu.

Suala la lugha lina upande wa pili. Jumuiya ya Afrika Mashariki imeridhia Kiswahili kuwa lugha yake rasmi, lakini dashibodi ambayo mzazi au mjumbe wa kamati ya shule hawezi kuisoma inamfanya kuwa chanzo cha data bila kuwa mshirika wake. Istilahi za fani hii bado hazijasanifiwa kwa pamoja, na kila nchi huunda zake. Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki na mabaraza ya lugha ya kitaifa yana kazi ya wazi hapa, na ni nafuu kuifanya sasa kabla mifumo haijazoea maneno yanayokinzana.

6.0 Sharti la Nne: Ulinzi wa Mtoto

Kenya na Uganda zilitunga sheria za ulinzi wa data mwaka 2019, Rwanda mwaka 2021 na Tanzania mwaka 2022. Sheria ya Kenya inadai ridhaa ya mzazi au mlezi katika kuchakata data za mtoto, na inampa mtu haki ya kutofungwa na uamuzi mzito uliofanywa na mashine peke yake. Sheria hizo si mapambo: mwaka 2023 mamlaka ya ulinzi wa data nchini Kenya iliitoza shule moja faini ya zaidi ya shilingi milioni 4 kwa kuchapisha picha za watoto bila ridhaa ya wazazi.

Historia inaonyesha kwamba mfumo unaweza kuporomoka kwa kukosa imani ya umma hata kama haujavuja. Nchini Marekani, mradi wa inBloom, uliofadhiliwa kwa takriban dola milioni 100 ili kuhifadhi data za wanafunzi wa majimbo kadhaa, ulitangaza kufungwa Aprili 2014 kutokana na upinzani wa wazazi. Nchini Uingereza, mitihani ilipofutwa mwaka 2020 kwa sababu ya UVIKO-19, mamlaka ya mitihani ilitumia algoridhimu iliyozingatia matokeo ya nyuma ya shule. Takriban asilimia 39 ya alama za kidato cha mwisho zilizopendekezwa na walimu zilishushwa. Mwanafunzi hodari katika shule yenye historia duni alibebeshwa mzigo wa waliomtangulia. Baada ya siku chache, tarehe 17 Agosti, uamuzi huo ulibatilishwa.

Kwa Afrika Mashariki, ambako tofauti za ufaulu kati ya shule za mjini na za vijijini ni kubwa, fundisho ni zito. Modeli inayotumia historia ya shule kumkadiria mtoto hugeuza umaskini wa jana kuwa hukumu ya kesho. Uamuzi wa Baraza la Mitihani la Tanzania, mwanzoni mwa 2023, wa kuacha kutangaza shule na wanafunzi kumi bora unaonyesha kwamba taasisi inaweza kuwa na data na bado ikachagua kutozitumia kwa njia isiyo na tija.

7.0 Mapendekezo

Kwanza, kukosa cheti cha kuzaliwa kusiwe sababu ya kumnyima mtoto namba ya utambulisho. Apewe namba ya muda wakati cheti kikifuatiliwa na mamlaka husika, wala si na mtoto.

Pili, kila taarifa inayotoka kwenye mfumo ieleze ngazi inayoweza kuamuliwa kwayo: mwanafunzi, darasa, shule au wilaya.

Tatu, kila mfumo wa tahadhari uambatane na mwongozo wa hatua, unaopiga marufuku kuitumia tahadhari kumfukuza, kumkaririsha darasa au kumzuia mwanafunzi kufanya mtihani.

Nne, mwalimu anayeingiza data apate majibu kutoka kwa data hizo ndani ya muhula huohuo, kwa lugha anayoifanyia kazi. Mwalimu asiyeona faida ya kujaza fomu hujaza chochote, na hapo uchanganuzi wote hujengwa juu ya mchanga.

8.0 Hitimisho

Mifumo ya data ya Afrika Mashariki imevuka hatua ya kuhesabu. Hatua inayofuata ni ngumu zaidi, kwa kuwa haiwezi kununuliwa kama kishikwambi wala kufungwa kama seva. Inahitaji sajili isiyomwacha mtoto, mchambuzi anayejua mipaka ya namba zake, kipimo kinachoiheshimu lugha inayopimwa, na sheria inayomtangulia mtumiaji. Pale masharti hayo yanapokosekana, ni busara kupunguza matumizi ya modeli katika maamuzi yanayomgusa mtoto mmoja mmoja, na kuzielekeza data hizo katika kazi ambayo tayari zinaimudu: kuonyesha ni wapi walimu, vitabu na muda vinahitajika zaidi.