Rungu Zito, Kisu Chepesi: Mchawi Ashike Kipi?

Ukifungua begi la mchawi katika gemu la Diablo III na kusimamisha kipanya juu ya silaha, namba inayokujia kwa maandishi makubwa ni dameji kwa sekunde. Vijana wengi ninaowaona wakicheza huishia hapo hapo. Yenye namba kubwa inavaliwa, yenye ndogo inauzwa. Mimi kazi yangu ni hesabu za duka, mchana kutwa naandika kilichoingia na kilichotoka, na usiku nacheza. Nasema hivi kwa moyo wote: kwa mchawi, namba ile kubwa haiamui kitu peke yake. Chini yake kuna mbili ndogo, dameji ya kila pigo na idadi ya mapigo kwa sekunde. Hizo ndizo za kusoma.

Kampuni ya Blizzard ilitoa Diablo III mwezi Mei 2012, na kwa mchawi ilifanya jambo ambalo liliwashangaza waliozoea magemu ya zamani. Uchawi wote ulifungwa kwenye silaha. Moto, barafu, umeme, kila kimoja hupimwa kwa asilimia ya dameji ya silaha iliyo mkononi. Baada ya nyongeza ya mwaka 2014, Reaper of Souls, kimondo anachokishusha mchawi kutoka juu hupiga asilimia 740 ya pigo la silaha, na kombora lake dogo la bure hupiga asilimia 230. Spidi ya kurusha nayo inatoka kwenye silaha hiyo hiyo. Kisu kina mapigo 1.5 kwa sekunde, rungu la mikono miwili 0.9. Kwa hiyo mchawi anaweza kubeba rungu la chuma maisha yake yote, asimgonge nalo adui hata mmoja, na bado rungu hilo ndilo linaloamua kimondo chake kitakuwa na uzito gani. Wapo waliochukizwa na sheria hiyo, wakasema mchawi ni mtu wa fimbo na kitabu. Mimi naipenda. Inafanya kila silaha iliyodondoka chini iwe na maana kwa kila mchezaji.

Mpwa wangu aliniletea swali hili hili. "Mjomba, zote mbili dameji kwa sekunde ni 1,800. Si sawa tu?"

Tukachukua karatasi. Rungu la mapigo 0.9, kila pigo 2,000, jibu 1,800. Kisu cha mapigo 1.5, kila pigo 1,200, jibu 1,800. Mpaka hapo kweli ni sawa. Sasa tushushe kimondo. Kwa rungu kinapiga 14,800, kwa kisu 8,880. Bei ya kimondo ni ile ile, nishati 40, na gemu haliulizi umeshika nini. Ni kama kukodi bodaboda kwa nauli ya safari: ukipakia gunia zima au nusu gunia, unalipa hiyo hiyo, basi mwenye akili hupakia gunia zima.

Nishati yenyewe ni chache. Mchawi asiye na vifaa vya kumwongezea huanza na 100, na kila sekunde zinarudi 10. Ukipigana sekunde 20 umepata jumla ya 300, yaani vimondo saba na chenji ya nishati 20. Saba kwa mwenye rungu, saba kwa mwenye kisu. Kisu kiwe chepesi kiasi gani, hakitakupa cha nane. Vimondo saba vya rungu ni 103,600. Vya kisu ni 62,160.

Mpwa wangu akataka kufunga daftari, rungu limeshinda. Nikamzuia, kwa sababu mchawi hasimami bure akisubiri nishati. Katikati ya vimondo anarusha makombora yasiyo na bei, na huko spidi inarudisha ilichopoteza. Ndani ya sekunde 20 rungu linarusha mara 18. Toa vimondo saba, yanabaki makombora 11 ya 4,600, jumla 50,600. Kisu kinarusha mara 30. Toa saba, yanabaki 23 ya 2,760, jumla 63,480. Ukijumlisha kila kitu, rungu lina 154,200 na kisu 125,640. Pengo lililokuwa la theluthi mbili kwenye kimondo kimoja limeshuka hadi kama asilimia 23 kwenye pambano zima. Hatukuhesabu moto unaobaki chini baada ya kimondo, wala ukweli kwamba mwenye kisu ana mkono mmoja mtupu wa kushika tufe la kichawi lenye faida zake. Lakini njia ya kufikiri ndiyo hiyo.

Kwa hiyo swali la kujiuliza kabla ya kuchagua ni hili: kinachonibana ni nini? Kama ni nishati, chukua silaha nzito, kila nishati moja ikununulie dameji nyingi. Kama ni uchawi unaolazimika kupoa kabla ya kuutumia tena, jibu ni lile lile, maana saa ya kupoa haiharakishwi na wepesi wa kisu. Ukipata nafasi moja, piga kwa uzito wote. Lakini kama kinachokubana ni muda, uchawi wako ni wa bure au vifaa vyako vinarudisha nishati kwa fujo, spidi inaanza kula sahani moja na uzito, na mara nyingi inaupita.

Yapo mambo mawili ambayo karatasi haiyaonyeshi, na mimi nayapa uzito mkubwa kuliko wachezaji wengi ninaowajua. La kwanza ni dameji inayomwagika. Adui mwenye uhai 3,000 akipigwa 14,800, hizo 11,800 za juu hazimwendei mtu. Penye kundi la vijidudu dhaifu, kisu kinasafisha njia wakati rungu bado linainuliwa. La pili ni miguu. Kila unaporusha uchawi unasimama, na kwa rungu unasimama zaidi ya sekunde nzima. Ardhi inapowaka moto chini yako, sekunde hiyo ni ndefu mno. Mchawi aliyekufa dameji yake ni sifuri, na hili nalisema kwa kila anayeniomba ushauri kabla hata sijagusa hesabu.

Ukirudi nyuma kwenye Diablo II ya mwaka 2000, ambayo imetengenezwa upya na kutolewa tena mwaka 2021, sheria ni nyingine kabisa. Mchawi wa kike wa gemu lile hatazami spidi ya silaha. Dameji ya uchawi wake inatoka kwenye levo ya uchawi wenyewe, na upanga ulio mkononi ni kibebeo tu cha faida nyingine. Mojawapo ya faida zinazotafutwa sana ni asilimia ya kasi ya kurusha, na hapo ndipo pana mtego mzuri. Gemu linakwenda kwa fremu 25 kila sekunde, na uchawi hauwezi kuchukua fremu nane na nusu. Ni nane au tisa. Bila faida yoyote, uchawi wake mwingi huchukua fremu 13. Ukifikisha asilimia 9 zinakuwa 12, kwa 20 zinakuwa 11, kwa 37 ni 10, kwa 63 ni 9, kwa 105 ni 8, na kwa 200 ni 7. Katikati ya ngazi hizo hakuna kitu. Umeme na umeme wa mnyororo una ngazi zake za peke yake.

Angalia mtego huo unavyouma. Mchezaji ana upanga wa Spirit wenye asilimia 35, ngao ya Spirit yenye 35, glavu za Magefist zenye 20, na pete moja yenye 10. Jumla 100. Anatembea kifua mbele, na kumbe kasi yake ni sawasawa na ya mwenzake mwenye 63. Zile 37 za juu hazimpi hata fremu moja. Akibadilisha pete ya pili akaweka nyingine ya 10, anafika 110, anavuka ngazi, na kutoka kurusha mara 2.8 kwa sekunde anapata mara 3.1. Pete ndogo isiyo na sura inafanya kazi ambayo vito vya bei kubwa haviwezi. Mimi hapo ndipo napata raha ya magemu haya.

Path of Exile, gemu la Grinding Gear Games kutoka New Zealand, nalo limetenganisha uchawi na silaha. Kila uchawi una muda wake wa kurusha na dameji yake, na spidi ya kushambulia kwa silaha haiugusi. Isipokuwa kwa njia kama hii: kuna kito kinachofunga uchawi kwenye shambulio la silaha, ukipata pigo la bahati uchawi unaruka wenyewe. Kwa mchawi wa aina hiyo spidi ya silaha inarudi kuwa kila kitu, lakini mpaka kiwango fulani, kwa sababu kito kikishafyatua kinapoa kwa sehemu ndogo ya sekunde. Pigo linalotua kabla hakijapoa linamjeruhi adui kwa chuma tu. Uchawi hautoki, na kila spidi utakayoinunua baada ya hapo inakwenda kwenye upanga, haifiki kwenye moto.